Vyombo vya Fundi wa Umeme

Kila kazi ina vyombo vyake, na kila chombo kina kazi yake. Mvuvi ana ndoana na nyavu, seremala ana randa na msumeno, na mwashi ana mwiko na timazi. Fundi wa umeme naye ana vyombo vyake. Lakini kazi yake ina jambo moja lisilokuwamo katika kazi hizo nyingine. Seremala huuona ubao aukatao, na mwashi huliona jiwe alichongalo. Umeme hauonekani kwa macho, wala hauna harufu, na mara nyingi hauna sauti. Waya wenye umeme na waya usio na umeme sura yao ni moja. Kwa hiyo vyombo vya fundi huyu si vya kukatia na kufungia tu. Ndivyo macho yake, tena ndivyo ngao yake.

Vitu vya kujengea njia ya umeme

Kitu cha kwanza ni waya. Nyaya za nyumbani hufanywa kwa shaba nyekundu, kwa kuwa shaba huupitisha umeme kwa urahisi kuliko madini mengine yote, ila fedha. Na fedha ni ghali mno. Shaba nyingi ya Afrika hutoka Zambia, na Katanga katika nchi ya Kongo. Watu wa Katanga waliichimba na kuiyeyusha karne nyingi kabla umeme haujatiwa nyumbani, wakaifanya vipande vyenye umbo la msalaba, wakafanyia biashara. Tena tangu mwaka 1971 hata 1997 jimbo hilo lenyewe liliitwa Shaba.

Waya hauachwi uchi, bali huvikwa nguo isiyopitisha umeme. Zamani nguo hiyo ilikuwa ya mpira na pamba. Siku hizi ni ya plastiki. Mpira ukipata joto miaka mingi hukauka na kupasuka, na shaba ikaonekana. Ndiyo sababu nyaya za nyumba kuukuu hazina budi kukaguliwa.

Nyaya za nyumbani ni tatu. Wa kwanza ni waya wenye moto, uletao umeme. Wa pili ni waya wa kurudi. Wa tatu ni waya wa ardhi, ambao mwisho wake hufungwa katika fimbo ya chuma iliyovikwa shaba, iliyopigiliwa chini sana mahali penye unyevu. Katika kanuni za zamani za Kiingereza, wenye moto ulikuwa mwekundu, wa kurudi mweusi, na wa ardhi wa kijani. Katika kanuni mpya, ambazo Uingereza ilianza kuzitumia mwaka 2004, wenye moto ni wa kahawia, wa kurudi ni wa buluu, na wa ardhi una kijani na manjano pamoja. Katika Afrika ya Mashariki huonekana namna zote mbili. Rangi humwonyesha fundi njia, lakini haimpi hakika, maana huenda aliyetangulia alikosea.

Unene wa waya nao una maana. Umeme mwingi ukipita katika waya mwembamba, waya hupata moto. Kwa taa hutumiwa waya wa milimita za mraba 1.5, na kwa soketi waya wa milimita za mraba 2.5, jiko kubwa la kupikia huhitaji waya mnene zaidi, kama wa milimita 6. Hesabu yake si ngumu. Birika la wati 2,400, likitiwa katika umeme wa volti 240, huvuta ampea 10, kwa kuwa 2,400 ukigawanya kwa 240 hupata 10. Taa ya kizamani ya wati 60 huvuta robo ya ampea tu.

Ndipo ionekanapo kazi ya fyuzi. Fyuzi ni uzi mwembamba wa madini uliowekwa katika njia ya umeme kwa makusudi, ili uwe dhaifu kuliko waya wote. Umeme ukizidi kipimo, uzi huo huyeyuka na njia hukatika kabla nyaya za ukutani hazijaungua. Mtu atiaye msumari au waya mnene mahali pa fyuzi amemfukuza mlinzi na kumwachia mwizi mlango wazi. Taa zake zitawaka siku hiyo, lakini siku umeme utakapozidi, kitakachoyeyuka ni waya uliomo ukutani au darini, na nyumba huweza kuteketea watu wakiwa wamelala.

Vyombo vya mkononi

Chombo cha kwanza ni bisibisi. Fundi huwa nazo kadha wa kadha, ndogo na kubwa, kwa maana bisibisi isiyolingana na kichwa cha skrubu hukiharibu. Mpini wake ni wa plastiki, tena chuma chake huvikwa plastiki hata karibu na ncha.

Cha pili ni koleo. Liko koleo pana la kukamatia na kusokotea nyaya, liko lenye mdomo mrefu la kuingia mahali pembamba, na liko la kukatia. Mipini yote huvikwa kitu kisichopitisha umeme. Ngozi hiyo ikipasuka, koleo halifai tena kwa kazi hii, hata kama meno yake ni mazima.

Cha tatu ni kisu. Fundi mwema hakizungushi kisu kukata nguo ya waya, maana ncha hutia alama katika shaba, na hapo ndipo waya utakapokatika. Hukilaza kisu, akaichonga nguo kama mtu achongaye kalamu. Kisha huipinda shaba na kuizungusha katika skrubu kwa upande ule ule skrubu ikazwako, ili ikikazwa iuvute waya ndani, isiusukume nje. Kiungo kilicholegea hupata moto, na mioto mingi huanzia hapo.

Nyundo, tindo na keekee ni vya kutoboa kuta na kuchimbia njia za mabomba yapitishayo nyaya. Futi ni ya kupimia, na timazi ni ya kunyoshea, ili mtu atakayepigilia msumari siku za mbele ajue kuwa nyaya zimeshuka wima juu ya swichi. Utepe usiopitisha umeme hufungia viungo. Lakini utepe hauwezi kuponya kiungo kibaya.

Chombo kidogo kuliko vyote, tena chenye thamani kuliko vyote, ni testa. Ni kama bisibisi yenye kitaa mpinini. Ncha yake ikigusa waya wenye moto, kitaa huwaka.

Kisa cha testa

Katika mji mmoja wa pwani, fundi na mwanafunzi wake waliitwa kubadili kishikio cha taa dukani. Kijana alizima swichi ya ukutani, taa ikazimika, akapanda ngazi upesi.

Fundi akamwuliza, "Mwanangu, umepima?"

Kijana akajibu, "Taa imezimika, mzee."

"Taa imezimika, lakini waya hujauuliza. Shuka, upime."

Kijana akashuka, akaijaribu testa kwanza katika soketi aliyojua ina umeme; kitaa kikawaka. Akapanda tena, akagusa chuma cha kishikio. Kitaa kikawaka vile vile! Mkono wake ukatetemeka, kwa kuwa angalikishika kwa vidole vyake.

Fundi alipoifungua swichi, aliona kwamba aliyetangulia aliitia katika waya wa kurudi, wala si katika waya wenye moto. Kwa hiyo swichi iliizima taa, lakini umeme ulibaki katika kishikio ukingoja. Basi fundi akazima swichi kuu, akaitoa fyuzi akaitia mfukoni mwake, asije mtu akaurudisha umeme. Wakapima mara ya pili, testa haikuwaka. Kisha akaijaribu katika duka la jirani, ikawaka. Hapo wakajua kuwa haikuharibika. Ndipo wakafanya kazi, na swichi wakaihamishia mahali pake.

Jambo la kukumbukwa

Watu wengi hudhani kwamba fyuzi humlinda mtu. Sivyo. Fyuzi ya ampea 5 hailinganishwi na moyo wa mtu, ambao huweza kusimama kwa sehemu ndogo sana ya ampea moja. Fyuzi huilinda nyumba isiungue. Kumlinda mtu kuna waya wa ardhi, na siku hizi kuna swichi maalumu ikatayo umeme mara moja iwapo sehemu 30 tu katika elfu za ampea zinapotea njia. Lakini ulinzi wa kwanza ni fundi mwenyewe azimaye, apimaye, kisha agusaye. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika kazi ya umeme, huenda mwenye kuacha ufa asiwepo wa kuujenga ukuta.

Maswali

1. Kwa nini nyaya za nyumbani hufanywa kwa shaba?
2. Jiko la wati 1,200 katika volti 240 huvuta ampea ngapi?
3. Eleza hatari ya kutia msumari mahali pa fyuzi.
4. Kwa nini fundi aliijaribu testa kabla ya kupima na baada ya kupima?
5. Swichi yapasa kutiwa katika waya upi? Toa sababu.