Mbwa Wako Alichanjwa Lini?

Hilo ndilo swali la kwanza ambalo daktari wa mifugo humuuliza mtu anapomleta mbwa kliniki, iwe ni Nkubu, Maua, Runyenjes au Siakago. Mara nyingi mwenye mbwa hunyamaza kidogo, kisha husema, "Nafikiri ni mwaka juzi." Ng'ombe wa maziwa wa boma hilo hilo ana kumbukumbu zake: tarehe ya kupandishwa, tarehe ya dawa ya minyoo, jina la aliyemhudumia. Mbwa hana hata karatasi. Si ajabu, kwa kuwa ng'ombe hulipa karo ya shule, naye mbwa hula makombo na kubweka usiku. Lakini kati ya hao wawili, mbwa ndiye anayeweza kumletea mtoto kifo kwa kidonda kidogo kuliko cha mwiba.

Kichaa cha mbwa husababishwa na virusi vinavyokaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Hapa Kenya ugonjwa huu ulithibitishwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1912, karibu na Nairobi, na hadi leo inakadiriwa kuwa huua hadi watu 2,000 kila mwaka nchini. Karibu wote huambukizwa na mbwa. Kati ya kila watu kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa duniani, wanne ni watoto walio chini ya umri wa miaka 15, kwa kuwa mtoto ndiye huchezea mbwa, na akiumwa huogopa kusema asije akagombezwa.

Virusi hivi havina haraka. Kutoka kwenye kidonda hupanda polepole kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongo, na kwa binadamu safari hiyo mara nyingi huchukua mwezi mmoja hadi mitatu. Kidonda hupona, familia husahau. Siku mgonjwa anapoanza kuogopa maji na kushindwa kumeza, hakuna dawa tena. Ndiyo maana matibabu yote ni ya kabla ya dalili.

Mtu akiumwa, kukwaruzwa au kulambwa kwenye kidonda, osha mahali hapo papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili. Dakika 15 ni ndefu kuliko watu wengi wanavyodhani, kwa hivyo tazama saa. Usipake kahawa, majivu wala mafuta ya taa. Kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Chanjo haiko katika kila zahanati, na ukiambiwa haipo, uliza ni wapi inapatikana na uelekee huko bila kurudi nyumbani kungoja. Wazee wengi bado wanakumbuka sindano nyingi za tumboni, na hofu hiyo imewazuia wengine kwenda. Siku hizi chanjo huchomwa mkononi, kwa dozi chache zilizopangwa kwa tarehe. Maliza zote, isipokuwa daktari akuambie uache.

Mbwa aliyeuma naye asiuawe kwa hasira. Kama anaonekana mzima, afungiwe na aangaliwe kwa siku kumi, na hali yake itamsaidia daktari wa hospitali kuamua. Kama amekufa au ameuawa, mwite afisa wa mifugo wa wadi kabla ya kumzika. Maabara hupima ubongo, kwa hivyo mbwa aliyepondwa kichwa kwa rungu huwa ameondoka na ushahidi wake.

Katika kaunti za wafugaji kama Meru na Embu kuna hatari nyingine ambayo haizungumzwi vya kutosha. Ng'ombe naye huumwa na mbwa mwenye kichaa, mara nyingi usiku bila mtu kujua. Baada ya wiki kadhaa huanza kutoa mate mengi, kulia kwa sauti ya ajabu na kushindwa kumeza. Mkulima huona hivyo na kusema amekabwa na kiazi au avokado, kisha humtia mkono mdomoni kutafuta kilichokwama. Mkono huo huwa na mikwaruzo ya jembe, na mate yale yana virusi. Ng'ombe akionyesha dalili hizo, usimguse mdomo. Mwite daktari. Maziwa yake yasinywewe na nyama yake isiliwe.

Yote haya huzuiwa kwa sindano moja ya mbwa kila mwaka. Mbwa saba kati ya kila kumi wakichanjwa katika eneo, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Tatizo ni kwamba mbwa wa vijijini hawaishi muda mrefu na watoto wao huzaliwa kila msimu, kwa hivyo kiwango kilichofikiwa mwaka jana huwa kimeshuka mwaka huu. Mpango wa taifa ulioanza mwaka wa 2014 unalenga kumaliza vifo vya watu kutokana na kichaa ifikapo 2030. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliziachia kaunti huduma za mifugo, udhibiti wa magonjwa ya wanyama na hata leseni za mbwa.

Usimamizi wa taaluma yenyewe ulibaki kwa bodi ya kitaifa, KVB, chini ya sheria ya mwaka wa 2011. Kwa hivyo mkazi ana haki ya kumuuliza anayemchanja mbwa wake kama amesajiliwa, na kuona leseni yake. Aulize pia chanjo imetoka wapi. Chanjo huhifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Ile iliyonunuliwa mjini ikasafiri kwa matatu ndani ya mfuko wa koti hadi Mikinduri inaweza kuwa imeharibika, na mbwa akachomwa bure.

Madaktari nao wana sehemu yao ya lawama. Sindano huchukua dakika mbili, na wengi humruhusu mteja aende bila kumwambia lolote. Kliniki inayojua kazi yake humpa kadi yenye tarehe, namba ya chanjo na sahihi, humwonyesha tarehe ya kurudi, na humuuliza ni nani nyumbani hucheza na mbwa huyo. Mteja wa namna hiyo hurudi mwaka unaofuata, na huja na jirani.

Mbwa mdogo huchanjwa akifikisha miezi mitatu, lakini kampeni ikifika kijijini kabla ya hapo, mlete vilevile. Mfunge kamba imara, aje na mtu mzima anayemzoea, na kadi yake ya zamani, kama ipo.