Joto Ndani ya Nyumba: Ulinzi wa Mgonjwa Jijini Dar es Salaam Msimu wa Kaskazi

Kuanzia Desemba hadi Machi, upepo wa kaskazi unapovuma katika mwambao wa Tanzania, jiji la Dar es Salaam hupitia miezi yake yenye joto kali zaidi. Mchana kipimajoto husoma nyuzi 32 au 33 za Selsiasi, na usiku mara nyingi hakishuki sana chini ya nyuzi 25. Mtu aliyezoea kusikia habari za nyuzi 45 huko Sudani au nchi za Ghuba huenda akayaona makadirio hayo kuwa madogo. Lakini vipimo hivyo huchukuliwa kivulini, katika kituo cha hali ya hewa, mahali penye upepo. Havisemi lolote kuhusu chumba cha kupanga huko Mbagala au Tandale chenye paa la bati lisilo na dari, dirisha moja linalotazamana na ukuta wa jirani, na watu watano waliolala humo. Mgonjwa wa moyo, mama mjamzito na mtoto mchanga huishi katika chumba hicho, si katika kituo cha hali ya hewa.

Jambo la pili linaloficha ukali wa joto la pwani ni unyevu. Mwili wa binadamu hujipoza hasa kwa jasho, na jasho hupoza linapokauka juu ya ngozi, si linapotiririka. Lita moja ya jasho ikikauka yote huondoa mwilini takriban kilokalori 580 za joto. Jasho hilohilo likidondoka sakafuni huondoa maji na chumvi bila kuleta nafuu yoyote ya maana. Hewa ikiwa na nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 70, mwili huhisi kana kwamba uko kwenye karibu nyuzi 41. Ndiyo maana mkazi wa Temeke anaweza kulowa nguo nzima saa nne usiku na bado asipate ubaridi.

Joto hilo huandikwa mara chache kwenye cheti cha kifo. Huandikwa shinikizo la damu, kushindwa kwa moyo, figo, au "homa". Mjini Chicago, Marekani, mwezi Julai 1995, joto la siku chache liliua zaidi ya watu 700, na wengi wao walikuwa wazee waliofia ndani ya nyumba zao wenyewe, wakiwa peke yao, madirisha yakiwa yamefungwa. Mwenye kudhani kwamba joto ni hatari kwa mbeba mizigo wa Kariakoo pekee, na kwamba bibi aliyejipumzisha chumbani yuko salama, anakosea.

Nyumba inavyopika walio ndani

Bati lililopigwa na jua la mchana huwa la moto kuliko hewa inayolizunguka, nalo hushusha joto hilo moja kwa moja kwa walio chini yake. Bati jipya linalong'aa hurudisha sehemu kubwa ya mwanga wa jua. Likishika kutu, au likiwa ni lile la rangi nzito ya buluu, nyekundu au kijani linalopendwa sasa kuanzia Bunju hadi Chamazi, humeza zaidi. Mwanzoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Machi, jua linapokuwa la utosi, paa hupokea miale kwa wima kabisa. Kuta za tofali za saruji nazo hunyonya joto mchana kutwa na kulitoa usiku. Hivyo hufika saa, mara nyingi baada ya magharibi, ambapo ndani kuna joto kuliko nje. Saa hiyo ndiyo ya kuijua.

Njia ya kuijua ni kipimajoto cha ukutani, ambacho si ghali. Kitundikwe kwenye kimo cha kitanda, mbali na ukuta unaopigwa jua, kisha kisomwe saa nane mchana na saa tatu usiku kwa siku kadhaa. Wakati nje kuna joto kuliko ndani, mapazia ya upande wa jua yafungwe. Nje kukianza kupoa, milango na madirisha yenye wavu yafunguliwe yote. Familia nyingi hufanya kinyume chake bila kujua: hufungua kila kitu saa saba mchana, kisha hufunga saa moja jioni kwa kuogopa mbu na wezi, na kulala ndani ya joko.

Wazee wa mwambao waliijua hesabu hii. Nyumba ya Kiswahili yenye baraza mbele, ukumbi unaopita katikati hadi uani, na vyumba pande mbili, iliacha upepo uingie mlango wa mbele na kutokea wa nyuma. Chokaa nyeupe ilifukuza jua, na makuti hayakutunza joto kama bati. Madirisha ya aluminiamu ya kuteleza yanayosifiwa leo hufunguka nusu tu, kwani kioo kimoja hujificha nyuma ya kingine. Katika kijiji cha Magoda mkoani Tanga, watafiti walijenga nyumba za majaribio zenye kuta zinazopitisha hewa na madirisha yenye wavu, na matokeo waliyoyachapisha mwaka 2017 yalionyesha kwamba zilikuwa na ubaridi zaidi kuliko nyumba za kawaida kwa takriban nyuzi 2, na mbu walipungua, hasa katika nyumba za ghorofa. Hewa na kinga ya mbu, kwa hiyo, si maadui kama inavyosemwa.

Mpangaji hawezi kubomoa nyumba ya mwenye nyumba. Anachoweza kuomba, au kukifanya kwa ridhaa, ni kupaka bati rangi nyeupe, kuweka dari hata ya chumba kimoja tu anacholala mgonjwa, na kufungua tundu la hewa juu ya ukuta na kuliwekea wavu. Mwarobaini au mwembe upande wa magharibi wa nyumba hufanya kazi kubwa, ingawa baada ya miaka. Jiko la mkaa litoke nje. Pamoja na kuongeza joto, hutoa hewa ya ukaa yenye sumu ambayo katika chumba kilichofungwa huua kimyakimya.

Feni husaidia. Shirika la Afya Duniani hushauri isitegemewe pale joto la chumba linapozidi nyuzi 40, kwa kuwa hapo huupulizia mwili hewa ya moto. Kivulini Dar es Salaam hewa haifiki huko, lakini chumba kilicho chini ya bati tupu saa nane mchana kinaweza kukaribia, na hapo kipimajoto kile cha ukutani kinathibitisha thamani yake. Umeme ukikatika, au pasipo na feni, kanga iliyoloweshwa na kukamuliwa kidogo, ikatandwa kifuani na mapajani huku mtu akipepewa, hufanya kazi ya jasho bila kuupotezea mwili maji. Kuoga kabla ya kulala na kutojifuta kabisa ni tiba nzuri vilevile. Chandarua kisiachwe kwa kisingizio cha joto. Feni ielekezwe ipulize kupitia kwenye matundu yake.

Maji ya kuoga na kulowesha yanahitaji akiba, na upungufu wa Oktoba na Novemba 2022, Mto Ruvu ulipopungua, ulionyesha jinsi akiba hiyo inavyohitajika. Pipa na ndoo zifunikwe, kwa maana mbu wa dengue, aliyelitesa jiji hili mwaka 2014 na tena 2019, huzaliana katika maji safi yaliyotulia na huuma mchana.

Mgonjwa na dawa zake

Tuchukue mfano wa bibi wa miaka 70 anayetumia frusemidi na enalaprili kwa ajili ya moyo na shinikizo la damu. Wiki ya joto inaingia. Anatoka jasho usiku kucha, anapunguza kunywa maji ili asisumbue watu kumpeleka chooni, na magoti yanapouma ananunua diklofenaki duka la dawa. Siku ya nne anasimama kitandani na kuanguka. Dawa ya kukojoza, enalaprili na diklofenaki zikikutana katika mwili uliokauka huweza kuzima figo kwa siku chache. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyo sumu peke yake; kilichobadilika ni joto.

Mhudumu wa zahanati anaweza kuligundua hilo mapema kwa kipimo kisichohitaji maabara: apime shinikizo la damu mgonjwa akiwa amelala au amekaa, kisha ndani ya dakika 3 baada ya kusimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, dawa zitazamwe upya. Mgonjwa mwenyewe asiache wala asipunguze dawa kwa uamuzi wake. Bali afike kituoni, na diklofenaki aiweke kando. Kiasi cha maji pia si kimoja kwa wote. Mwenye moyo ulioshindwa au figo dhaifu aliyewekewa kikomo cha maji aulize upya kikomo hicho msimu wa joto. Dafu, ambalo kwa wengine ni kinywaji bora, lina potasiamu nyingi na si salama kwa mgonjwa wa figo. Na maji ya visima vya chumvi yanayotumika katika baadhi ya mitaa hayamfai mwenye shinikizo la damu.

Wagonjwa wa akili husahaulika katika mazungumzo haya, na hilo si haki. Klopromazini, haloperidoli, amitriptilini na benzheksoli huvuruga uwezo wa mwili wa kujipoza, baadhi yake kwa kuzuia jasho lenyewe. Mgonjwa wa namna hii aliyefungiwa chumbani kwa hofu ya ndugu zake yuko katika hatari kubwa kuliko mtu mwingine yeyote nyumbani humo.

Mwenye selimundu, ugonjwa ambao nchini Tanzania huzaliwa nao watoto wanaokadiriwa kufikia 11,000 kila mwaka, anapokaukiwa maji huweza kuingia katika maumivu makali ya mifupa; chupa yake ya maji isikauke, hata shuleni. Mama mjamzito naye apumzishwe mchana, kwa kuwa joto kali huongeza uwezekano wa kujifungua kabla ya wakati.

Kuhusu mtoto mchanga, mabishano ni ya kila msimu. Bibi huona midomo ya mjukuu imekauka na kutaka apewe maji. Kwa moyo ni sahihi, kwa tiba si sahihi. Maziwa ya mama kwa sehemu kubwa, karibu asilimia 88, ni maji. Mtoto aliye chini ya miezi sita anyonyeshwe mara nyingi zaidi, na anayepaswa kupewa maji ni mama. Harara hupungua kwa kumvua nguo, kumwogesha maji ya vuguvugu na kumpepea, si kwa kumjaza poda inayoziba vinyweleo.

Wenye kisukari huuliza kuhusu insulini pasipo na jokofu. Chupa ambazo hazijafunguliwa zihitaji nyuzi 2 hadi 8, na ni afadhali zitunzwe kituoni. Kwa ile inayotumika kuna habari njema: mwaka 2021 shirika la Médecins Sans Frontières na Chuo Kikuu cha Geneva, baada ya kupima joto la nyumba za wakimbizi huko Dadaab, Kenya, walionyesha kwamba insulini iliyokaa wiki nne katika joto lililopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 ilibaki na nguvu yake. Mtungi wa udongo uliowekwa kivulini husaidia, ingawa katika unyevu wa pwani haupoi kama unavyopoa Dodoma. Insulini isiwekwe juu ya kabati karibu na bati, wala isigandishwe kwenye barafu.

Pale mwili unaposhindwa

Kizunguzungu, kichefuchefu, misuli kukakamaa, mkojo mchache wa rangi ya chai na jasho jingi ni dalili za uchovu wa joto. Mtu alazwe mahali penye upepo, miguu iinuliwe, anywe maji au ORS, pakiti moja kwa lita moja ya maji salama. Asipopata nafuu ndani ya saa moja apelekwe kituoni.

Akianza kuongea maneno yasiyoeleweka, kudegedege, au kupoteza fahamu, huku joto la mwili likifika nyuzi 40 au zaidi, hicho ni kiharusi cha joto. Jina lisichanganywe na kiharusi cha kupooza. Hapa ndipo makosa ya kitabibu hutokea, maana katika jiji lenye malaria, mwili wa moto na fahamu iliyopotea huelekeza mawazo yote kwenye malaria ya ubongo. Kipimo cha haraka cha malaria kifanywe, sukari ya damu ipimwe, lakini kupoza kusisubiri majibu, wala kipimo chanya kisimfanye mhudumu aache kupoza. Mtoto aliyefika akiwa amefungwa mablanketi avuliwe na apimwe tena baada ya dakika 20. Kipimajoto cha kwapani husoma pungufu. Pale inapowezekana kipimo cha njia ya haja kubwa ndicho cha kuaminika. Parasetamoli haishushi joto la aina hii, na katika ini lililokwisha kuunguzwa huongeza madhara.

Kinachoshusha joto ni maji mengi. Mgonjwa avuliwe nguo, alazwe juu ya turubai ambalo kingo zake zimeinuliwa na watu wanne, amwagiwe maji ya baridi kadiri yanavyopatikana, na asitiwe kitu chochote mdomoni ikiwa hana fahamu. Shabaha ni kushuka chini ya nyuzi 39 ndani ya nusu saa, kisha kumwagia kukome. Familia isianze kutafuta usafiri kabla ya kumlowesha. Bajaji ikipatikana, mapazia yake ya plastiki yafunguliwe pande zote, mgonjwa alazwe ubavu, na msindikizaji aendelee kumlowesha kwa kanga na ndoo hadi mapokezi ya Temeke, Mwananyamala au Amana. Akifika, aseme kwanza ni tangu saa ngapi mgonjwa hajielewi, chumba alimokutwa kilikuwaje, na atoe mfuko wa dawa zake zote, zikiwamo za duka la mtaani.