SOMO KWA WALIMU WA WATOTO: TUMJUE NYOKA



Ndugu zetu wa Tanzania wakisikia kwamba tunakaa wilaya ya Koboko hushtuka, maana kwao koboko ni jina la nyoka mkali sana. Sisi hapa Dranya jina tumelizoea. Nyoka wenyewe bado.

Tuanze kwa kukiri kosa letu. Miaka mingi tumefundisha Mwanzo sura ya 3 kwa picha ya nyoka mwenye macho mekundu, na watoto wakarudi nyumbani na fundisho moja tu: kila nyoka ni Shetani. Matunda yake tumeyaona. Mmoja hakubali kwenda chooni usiku, anakojoa kitandani. Mwingine alichomwa na kitu mguuni akikata majani, akanyamaza mpaka jioni, kwa kuwa aliogopa kuambiwa ana dhambi. Kwa neema ulikuwa mwiba. Angekuwa nyoka wa sumu, kule kunyamaza kungeweza kumwua.

Nasi watu wazima hatukuwafaa sana. Nyoka akiingia nyumbani, swali letu la kwanza ni nani amemtuma, na jibu mara nyingi humwangukia mama mzee asiye na mtu wa kumtetea. Someni Matendo sura ya 28. Watu wa Malta walipoona nyoka mkononi mwa Paulo walimhukumu hapo hapo kuwa ni mwuaji. Walikosea, na sisi tunakosea vivyo hivyo.

Basi tumeanza kuwafundisha watoto nyoka alivyo. Waambieni kwamba nyoka hana kope, kwa hiyo analala macho wazi. Hana masikio ya nje, lakini mtikisiko wa ardhi anausikia kwa mwili na taya, na mara nyingi huondoka kabla hamjamwona. Ulimi wake hauchomi. Ni pua ya pili: anautoa nje kuokota harufu, na zile ncha mbili zinamwonyesha harufu inatoka upande gani. Hapo watoto wote watatoa ndimi zao. Waacheni watoe.

Yuko nyoka mla mayai, ambaye karibu hana meno kabisa. Humeza yai la ndege zima zima, hulipasua ndani kwa mifupa ya shingo, kisha hutema ganda. Yuko mwingine mdogo wa udongoni, mtu angedhani ni mnyoo, chakula chake ni mayai na watoto wa mchwa na sisimizi. Chatu mama hana sumu. Hujizungusha juu ya mayai yake kuyalinda. Kifutu, yule mnene mwenye mabaka, hatagi bali huzaa watoto hai. Mmoja aliyetoka Kenya, akifugwa katika nchi ya Czech, alizaa 156 kwa mara moja. Darasani kwetu binti mdogo aliuliza nani aliwapa wote majina.

Aina za nyoka duniani ni karibu 4,000, na wenye sumu ni kama 600. Wengi wanatukimbia. Kifutu ndiye hakimbii: anategemea rangi yake, anatulia kwenye majani makavu mpaka akanyagwe. Kwa hiyo usiku taa au tochi, na viatu kama vipo.

Sasa walimu, angalieni jambo hili. Kicheko kisimfanye mtoto amshike nyoka. Wengi wetu tulitoka pande za Faradje. Kati ya 1909 na 1915 watafiti wa jumba la makumbusho la New York, Herbert Lang na James Chapin, walizunguka nchi hiyo yetu wakikusanya wanyama. Habari za nyoka wao ziliandikwa mwaka 1923 na Karl Schmidt, mtaalamu mkubwa. Mtaalamu huyo huyo, mwaka 1957 huko Chicago, aliumwa kidole gumba na nyoka mdogo wa mitini aliyetoka Afrika. Aliona jeraha ni dogo, hakwenda hospitali, akakaa akiandika jinsi anavyojisikia. Kesho yake alikufa.

Kwa hiyo mtoto afundishwe hivi, na arudie mpaka ajue: nikimwona nyoka nasimama, narudi nyuma polepole, namwita mtu mkubwa. Simgusi, hata akiwa mdogo, hata akionekana amekufa. Nikiumwa nasema mara moja, na hakuna atakayenigombeza. Neno hili la mwisho ni la wazazi kulitimiza.

Aliyeumwa akae kimya bila kukimbia, avuliwe bangili na shanga, abebwe mpaka kituo cha afya. Msichanje, msinyonye, msifunge kamba ya kukaza. Swila akimtemea mtu machoni, osheni kwa maji mengi, kisha apelekwe naye.

Kuhusu jiwe jeusi tunajua tutaudhi wengine, maana tulilikuta misioni tangu utoto. Halitoi sumu. Nyoka wengi huuma bila kumwaga sumu, mtu anapona, sifa zinakwenda kwa jiwe. Yule aliyeingiwa na sumu kweli anapoteza saa zake akilingojea. Shirika la Afya Duniani, ambalo mwaka 2017 liliweka kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa, linakadiria kwamba watu 81,000 mpaka 138,000 wanakufa hivyo kila mwaka. Wengi ni wa vijijini, watu wa jembe na kuni, kama sisi.

Jumapili ijayo walimu waje na kipande cha kamba kwa mchezo wa kusimama na kurudi nyuma. Baadaye tutaingia kwa kinyonga, kwa sababu watoto wameuliza kama ana sumu. Hana.