Nondo Aitwaye Chui wa Matete

Kila mmoja wetu ameona nondo wakizunguka taa usiku. Huyu tunayemsoma leo haonekani upesi hivyo. Wataalamu humwita Phragmataecia castaneae. Waingereza humwita chui wa matete kwa sababu ya vidoa vyake. Yumo katika nchi nyingi za Ulaya na Asia, lakini huko Uingereza amebaki katika vinamasi vichache tu, hasa vya Norfolk na Cambridgeshire.

Rangi yake ni hudhurungi hafifu, kama tete lililokauka. Tumbo lake ni refu hata hupita ncha za mbawa zikunjwapo, na la jike hulipita la dume. Papasi za dume zina vinyweleo kama unyoya. Ndizo pua yake amtafutapo jike gizani.

Ajabu kubwa iko kwa kiwavi. Hutoboa tete akaingia, akala ndani kwa ndani, na hukaa humo hata miaka miwili. Humo humo huwa pupa. Mwezi wa Juni au Julai hutoka akiwa nondo kamili, na tangu hapo hali chakula tena. Pima basi: miaka miwili ya kula kwa siku chache za kuruka!

Sasa, maisha kama hayo yataka tete lisimame. Tangu karne ya 17 vinamasi vingi vya mashariki ya Uingereza vilikaushwa kwa mifereji ili kupata mashamba. Kipepeo mmoja mzuri wa rangi ya shaba alitoweka kabisa nchini humo katikati ya karne ya 19. Mwaka 1899 chama kiitwacho National Trust kilinunua kipande cha Wicken Fen.

Lakini kununua hakutoshi. Matete yakiachwa miaka mingi, vichaka huingia na kinamasi hukauka. Yakikatwa yote kila mwaka kwa kuezekea, wadudu wakaao ndani hukosa makao. Kwa hiyo hukatwa sehemu kwa zamu. Mimi simlaumu mkataji. Bila panga lake kinamasi kingekuwa msitu.

Matete ya aina hiyo na jamaa zake yako pia kando ya mito na maziwa yetu. Mwanafunzi atakayefika huko apasue moja kavu lenye tundu, atazame kama mna kiwavi au unga wa vinyesi vyake, kisha aandike tarehe na mahali katika daftari lake.