Kutengeneza Upya Banda la Nguruwe

Mtu akitaka kutengeneza banda kuukuu la nguruwe, twamshauri aanze na sakafu. Nguruwe hufukua kwa pua, hutafuna mbao laini, na mkojo wake hula mabati. Basi sakafu iwe ya saruji fungu 1, mchanga 2 na kokoto 4, iinamie mferejini, wala isilainishwe mno, wasije wakateleza. Hori liwe zito, lisipinduliwe. Chumbani mwa kuzalia, bomba la chuma likazwe sentimeta 20 hivi juu ya sakafu na mbali na ukuta, watoto wasilaliwe na mama yao. Ukuta uwe imara, ngiri asipite: yeye na kupe wake hubeba homa ya nguruwe, ambayo habari zake ziliandikwa Kenya mwaka 1921, nayo haina dawa. Gharama ya ukuta si kitu mbele ya hasara ya kundi zima.