Kufundisha Usafi wa Pasi ya Mkaa kwa Vifaa vya Nyumbani

Mwanachuo anayekwenda mazoezi ya kufundisha katika vijiji vya Ikoma ataikuta pasi ya mkaa katika nyumba nyingi. Pasi hiyo ikiwa chafu huharibu nguo, na mtoto mwenye shati moja tu la shule hana la kubadilisha. Kwa hiyo somo la kusafisha pasi si jambo dogo. Katika makala haya tunaeleza jinsi ya kulifundisha ili wanafunzi wajue sababu za kila tendo badala ya kukariri dawa.

Tuliwahi kuhudhuria somo ambamo mwalimu aliwaagiza wanafunzi waje na chochote kinachosugua. Mmoja alileta mchanga wa mtoni. Kutu ilitoka upesi, mwalimu akasifu. Pasi ilipotumika, kitako chake kilichochubuka kilinasa nyuzi za kitambaa. Mwanafunzi hakukosea, alitii agizo. Kosa lilikuwa la maandalio.

Madhumuni

Mwisho wa somo mwanafunzi aweze kutambua uchafu wa pasi, kuchagua kifaa kinachoufaa na kueleza sababu ya uchaguzi wake.

Zana

Pasi ya mkaa, chumvi ya mawe, majivu yaliyochungwa, limau, kipande cha mshumaa, kijiti kilichochongwa bapa, matambara na vipande viwili vya chuma chakavu kilicholainishwa.

Hatua za somo

1. Jaribio. Wanafunzi wasugue chuma kimoja kwa chumvi na kingine kwa mchanga, kisha walinganishe. Mchanga huacha mikwaruzo, kwa kuwa ni mgumu kuliko chuma. Chumvi haiachi, kwa kuwa ni laini kuliko chuma. Waulizwe: kifaa cha kusugulia kiweje? Waongozwe wafikie jibu wenyewe: kiwe na nguvu ya kuushinda uchafu, lakini kisiweze kukikwaruza chuma.

2. Wanga ulioungua. Mwalimu apitishe pasi yenye moto juu ya chumvi iliyotandazwa kwenye tambara. Chumvi haiyeyuki hapo, kwani huhitaji joto la nyuzi 801 za Sentigredi. Punje zake hukwangua wanga.

3. Mafuta na masizi. Pasi ikiwa baridi, isuguliwe kwa majivu yaliyoloweshwa kidogo. Magadi yaliyomo katika majivu huondoa mafuta.

4. Kutu. Litumike limau, kwa kuwa asidi yake huyeyusha kutu. Wengi huchanganya limau na majivu wakidhani nguvu itazidi. Kumbe asidi na magadi huuana nguvu. Kila kimoja kitumike kwa wakati wake, na pasi ifutwe katikati.

5. Nailoni iliyogandamana. Pasi ipashwe moto kidogo tu, nje ya nyumba, kisha nailoni ikwanguliwe kwa kijiti, kamwe si kwa kisu.

6. Kumalizia. Pasi ikaushwe vizuri. Ikiwa bado na uvuguvugu, ipakwe mshumaa kupitia tambara ili kuzuia kutu, halafu ijaribiwe kwenye tambara kuukuu kabla ya nguo. Penye migomba, kama katika nyanda za juu za Tarime, jani bichi la mgomba laweza kutumika badala ya mshumaa.

Tahadhari

Pasi ya mkaa isiwashwe katika chumba kilichofungwa. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua. Pasi yenye moto ishikwe na mwalimu peke yake. Penye pasi ya umeme, ichomolewe kwanza wala isitumbukizwe majini. Na ikiwa kitako chake kimepakwa utando wa kuzuia kugandamana, hata chumvi isitumike.

Tathmini

Tusiridhike na pasi inayong'aa. Tumpe mwanafunzi pasi yenye kutu na mafuta pamoja, tumwulize ataanza na nini na kwa nini. Akijibu kwa sababu, somo limefika. Nyumbani huenda asipate limau, bali ukwaju. Anayejua sababu ataona kwamba nao una asidi. Aliyekariri dawa atakwama.