Dondoo muhimu: Maji ya rejeta yanapopungua kimyakimya

Toyota HiAce ya zamani inaweza kupungukiwa maji ya rejeta bila kuacha tone chini. Maji huvuja injini ikiwa moto, yakakauka juu ya chuma kabla hayajadondoka.

Injini ipoe kabisa ndipo mfuniko wa rejeta ufunguliwe. Kiti cha mbele kikishainuliwa, fundi amulike tochi pampu ya maji kwanza: chini ya shafti kuna kitundu kidogo, na ukoko wa kijani au mwekundu hapo ni dalili kwamba sili imekwisha. Kisha mipira, klampu, na mabomba ya hita ya nyuma, ambayo wengi huyasahau.

Kote kukavu? Mapovu yasiyokoma kwenye rejeta, au oili iliyogeuka rangi ya maziwa, humwelekeza kwenye gasketi ya silinda hedi. Hapo gharama hupanda.